Sauti kutoka mkahawa wa Sin-é

Juma hili naomba tuiweke siasa kando kidogo, pamoja na bei ya sukari, tuzungumze habari za muziki. Ninayo mbele yangu santuri moja ndogo, nyimbo nne tu, iliyotolewa Novemba 1993 na kampuni ya Columbia ya Marekani. Mwimbaji ni Jeff Buckley. Alikuwa na miaka 26 iliporekodiwa, na hakurekodiwa studio. Alirekodiwa mkahawani, yeye na gitaa lake la umeme, bila mpiga ngoma wala mpiga besi, mbele ya watu waliokuja kunywa kahawa.

Mkahawa huo uliitwa Sin-é, na ulikuwa katika mtaa wa St. Mark's Place, New York. Mwenye mkahawa alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, na jina hilo kwa lugha ya kwao maana yake ni "ndiyo hiyo". Palikuwa padogo. Hapakuwa na jukwaa la kujivunia. Mwimbaji alisimama karibu na ukuta, na waliokaa mbele wangeweza kumgusa. Buckley alianza kupiga hapo mara kwa mara mwaka 1992. Haukupita muda mrefu, magari marefu meusi ya wakubwa wa makampuni ya kurekodi yakaanza kuegeshwa nje.

Kabla sijaendelea, lazima niseme habari ya baba yake, maana bila hiyo kisa chenyewe hakieleweki. Baba alikuwa Tim Buckley, mwimbaji maarufu wa miaka ya 1960, aliyefariki mwaka 1975 akiwa na miaka 28 kwa sababu ya dawa za kulevya. Alimwacha mama kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alikaa naye siku chache tu alipokuwa na umri wa miaka 8, na muda mfupi baadaye baba akafa. Hata mazishini mtoto hakualikwa. Alikulia California akiitwa kwa jina la baba wa kambo, kisha akaamua mwenyewe kulirudia jina la Buckley.

Basi Aprili 1991 likafanyika tamasha la kumkumbuka marehemu katika kanisa la St. Ann's, Brooklyn, na kijana akaitwa aje kuimba. Akaimba, miongoni mwa nyingine, wimbo ambao baba aliutunga kuhusu mke na mtoto aliowaacha. Watu walishtuka, kwani sauti ilikuwa kama imerithiwa nzima nzima. Hapo ndipo New York ilipomjua. Lakini fikirini mzigo wenyewe! Mtu hakumjua baba yake, halafu kila anayemsikia anamwambia, ewe mtoto wa fulani.

Mimi naamini mkahawa wa Sin-é ulikuwa dawa ya mzigo huo. Pale aliimba nyimbo za kila mtu. Aliimba za Nina Simone, za Bob Dylan, za Led Zeppelin, za Edith Piaf wa Ufaransa. Hapa kwetu kijana anayepiga nyimbo za wenzake huitwa mpiga kopi, na neno hilo husemwa kwa dharau kidogo. Sikatai, wapo wanaostahili dharau hiyo. Lakini sikilizeni alichokifanya Buckley na wimbo wa Van Morrison katika santuri hii. Mwenyewe aliurekodi mwaka 1968 kwa dakika tatu na ushee. Buckley anauchukua, anauvuta, anaunyamazisha, anaupandisha tena, mpaka zinafika dakika 10. Mwanafunzi anapofika hapo, kopi imekwisha, na kinachosikika ni chake.

Sasa msikilizaji atauliza: kampuni kubwa namna ile, yenye Dylan na Bruce Springsteen, ilikosa fedha za studio? Fedha zilikuwepo. Kijana alitia saini mkataba Oktoba 1992, lakini nyimbo za kutunga mwenyewe zilikuwa chache bado. Kampuni nyingine ingemtafutia watunzi, ingemvalisha, ingetoa santuri kubwa upesi kabla jina halijapoa. Columbia ilipeleka mitambo mkahawani Julai na Agosti 1993, ikarekodi kilichokuwepo, ikatoa nyimbo nne: mbili zake, mbili za watu. Santuri kubwa, Grace, ikafuata Agosti 1994, na zile mbili zake zikarudi humo zikiwa na bendi kamili.

Nimezilinganisha mara nyingi. Za studio zimenyooka zaidi, ngoma inapiga kifua. Hata hivyo zile za mkahawani zina kitu ambacho studio haiwezi kukitoa, nacho ni hatari. Hakuna kurudia. Wazee wetu waliorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 wanalijua jambo hilo vizuri: bendi nzima inapiga kwa pamoja, na akikosea mmoja wamekosea wote.

Mwaka 2003, miaka sita baada ya kifo chake, kampuni ilitoa zile kanda za mkahawani kwa wingi, diski mbili zilizojaa. Humo mna jambo ambalo watu wa pwani watalifurahia. Buckley anawaambia wasikilizaji wake habari za Nusrat Fateh Ali Khan, bingwa wa kawali wa Pakistan, kwamba huyo ndiye Elvis wake. Halafu anaimba kawali yenyewe, kwa Kiurdu, na gitaa lake peke yake, pale ambapo kwa kawaida pana wapiga makofi, harmonia na tabla. Si mzaha. Mwaka 1996 alikutana na Nusrat na kumhoji kwa ajili ya jarida moja la New York. Wote wawili walifariki mwaka 1997, na kati ya vifo vyao haikupita hata miezi mitatu.

Buckley alikufa maji tarehe 29 Mei huko Memphis. Aliingia mtoni kuogelea jioni akiwa na nguo na viatu vyake, ikapita meli, mawimbi yakamchukua. Uchunguzi haukukuta dawa za kulevya wala ulevi. Alikuwa na miaka 30.

Tangu hapo umekuwapo ubishi: je, ni haki kutoa kanda za marehemu? Mimi naona kanda si sawa zote. Mwaka 1998 zilitolewa nyimbo alizokuwa akizitayarisha kwa santuri ya pili, nyimbo ambazo mwenyewe hakuridhika nazo na alikusudia kuzirekodi upya. Zile naziskiliza kwa wasiwasi, kama mtu anayesoma barua isiyotiwa saini. Za Sin-é ni kesi nyingine. Aliziimba mbele za watu, mitambo ikiwaka na yeye akijua inawaka. Kutoa zote kulimpunguzia nini? Anasikika akitania, akitafuta ufunguo wa wimbo, akibadili mawazo katikati. Warithi wangezificha hizo, tungebaki na msanii aliyezaliwa amekamilika, kitu ambacho hakijapata kuwapo.

Mkahawa ulifungwa mwaka 1996. Anayetaka kuanza, aanze na ile ndogo ya nyimbo nne. Haifiki nusu saa. Asikilize usiku, mlango umefungwa, redio imezimwa, hata ikiwa ni saa ya kipindi hiki.