Kitambaa cha Hedhi Kianikwe Juani

(Hotuba kwa wananchi wa Tarime na Serengeti)



Nawashukuru kwa kuacha mashamba na mifugo yenu mkaja kunisikiliza. Jambo nililokuja kulisema ni la hedhi. Akina baba, nawaombeni msiondoke. Katika ritongo mnakaa tangu asubuhi hata jua likachwa kwa ajili ya ng'ombe mmoja aliyeibiwa. Basi kaeni nusu saa kwa ajili ya afya ya wake zenu na binti zenu.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Hedhi si ugonjwa, si laana, wala si uchafu. Kila mwezi tumbo la uzazi hujitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotungwa, ule utando uliotayarishwa hutoka pamoja na damu. Kwa kawaida damu hutoka siku 2 hadi 7, na kutoka mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine hupita siku 21 hadi 35. Bila ya mambo haya hakuna hata mmoja wetu ambaye angezaliwa.

Akina mama wengi wa vijijini hutumia vitambaa vya khanga kuukuu. Katika hilo hakuna ubaya hata kidogo. Ubaya uko katika kukifua kitambaa gizani, kwa maji kidogo na bila sabuni, kisha kukificha chini ya godoro ili mtu asikione. Kitambaa hakikauki, nacho huvaliwa tena kingali kibichi. Ndipo huja kuwashwa, michubuko na maradhi. Jua letu halilipiwi hata senti moja, nalo hukausha na kuua vijidudu vingi. Lakini aibu inatunyima jua.

Basi yatupasa tufanye hivi. Kitambaa kiwe cha pamba, kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, na mikono ioshwe kabla na baadaye. Kifuliwe kwa maji safi na sabuni, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, kisha kiwekwe katika mfuko safi. Kila mwanamke awe na vyake, asiazime wala kuazimwa. Tusitumie majani wala vipande vya godoro. Mwili uoshwe nje kwa maji safi. Ndani ya uke hapatakiwi sabuni wala dawa yoyote. Na zile pedi za dukani zisitupwe mtoni wala chooni, maana zina plastiki isiyooza, na choo hujaa upesi.

Mwenye kutokwa damu zaidi ya siku 7, au anayelazimika kubadili kila saa, au mwenye maumivu ya kumlaza kitandani, au harufu mbaya, asikae nyumbani akingoja. Aende zahanati. Vile vile binti aliyefika miaka 15 asione hedhi apelekwe akapimwe. Damu inayopotea hurudishwa kwa chakula, nacho tunacho: dagaa wa ziwani, maharage, maini na mboga za majani. Chai tuiweke mbali na mlo huo, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Ndugu zangu, wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi wakasikiliza redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo nchi nzima. Walishinda kwa sababu walikubali kusema hadharani habari za choo, jambo ambalo nalo lilikuwa la aibu. Mwaka 1974, hapa hapa mkoani kwetu, Azimio la Musoma likataka kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma apate nafasi shuleni. Lakini nafasi hiyo inamfaa nini binti ambaye shule yake haina maji, na choo chake hakina mlango? Kila mwezi atabaki nyumbani siku kadhaa, na mtihani haumngoji.

Wengine watasema pedi ni ghali. Ni kweli. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pedi. Mwaka 2019 ikairudisha, ikisema wafanyabiashara hawakupunguza bei. Hivyo faida ilikwama njiani, na mwanamke wa kijijini hakuiona. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari tu, walitunga sheria mwaka 2017 inayoitaka serikali yao kuwapa pedi bure wasichana wa shule za umma waliokwisha kubalehe. Tunayo haki ya kuwauliza wabunge wetu habari hizi. Lakini tukiwa tunauliza, tusikae bure. Cherehani ziko vijijini, na mafundi wapo. Kitambaa cha pamba kikishonwa vizuri kitafuliwa na kutumika miezi mingi.

Liko neno moja zito, nami sitalizunguka. Binti akiona damu ya kwanza, wako wanaosema, "Sasa amekuwa mwanamke, akatwe, aolewe." Hasha! Mwili wake ndiyo kwanza umeanza kukua. Kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria ya mwaka 1998. Hata hivyo Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili imezoeleka kuwa msimu wa kisu, hata ikabidi ziwepo nyumba za kuwahifadhi mabinti wanaokimbia, kule Masanga na Mugumu. Kidonda kile huleta kutokwa damu nyingi, maradhi na taabu wakati wa kuzaa. Binti aliyeona hedhi anahitaji sabuni, vitambaa na daftari, si kisu.

Sasa ninyi akina baba. Fedha za ng'ombe, za tumbaku na za dhahabu ziko mikononi mwenu. Mkienda mnadani mnakumbuka dawa ya mifugo na chumvi yake. Wekeni na sabuni ya binti katika hesabu hiyo hiyo. Kwenye mkutano wa kijiji ulizeni: choo cha wasichana kina mlango? Kina maji? Na mkikuta kitambaa kimeanikwa kambani, msicheke wala msikiondoe. Kiacheni kikauke.

Mwalimu alitufundisha kupiga vita ujinga, umaskini na maradhi. Katika jambo hili maadui wote watatu wamejificha nyuma ya aibu moja. Tukiiondoa, tutakuwa tumewafichua.

Shime, akina mama! Kamba zifungwe uani leo.