Kompyuta gani iingie katika biro yetu?

Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama na wageni wafadhili, mkutano wa Baraka



Mlituomba sisi wa kazi ya uwanjani tuseme juu ya kompyuta. Tunajua kuna wenye kusikia neno hilo wanaanza kupiga miayo. Lakini tangu barua ya ndugu yetu wa Ubelgiji ifike, hakuna kikao cha komite kilichoisha bila kelele. Wengine wanasema tuchukue, wengine wanasema tukatae, na wengine wamepita sokoni wakisema watu wa biro wanataka kuchezea vitu vya bei na pesa ya likelemba. Basi tuyaseme hapa, mbele ya wote.

Kwanza tukumbushe kwa nini tunatafuta mashini. Ile laptop tuliyokuwa nayo ilizima mchana, watu wako kwenye mstari, na haikuwaka tena. Tukaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akatuonyesha: diski na memori vyote vimechomelewa juu ya kadi moja. Hakuna kitu cha kutoa na kupeleka katika mashini nyingine. Ndani mlikuwa michango ya miezi mitatu, na wakati ule hatukuwa na nakala pengine. Mama mmoja wa kikundi cha wauza ndagala akaja kuomba msaada wa msiba. Risiti yake ilikuwa imelowa maji, na sisi tukamwambia jina lake halionekani. Waliokuwa mlangoni siku hiyo wanakumbuka maneno aliyosema, hatutayarudia. Tulimlipa baada ya kikundi chake kuja kushuhudia, lakini alingoja wiki mbili, na mazishi alikuwa amekwisha kuyafanya kwa deni. Kosa lilikuwa letu. Kukaa bila nakala ni sisi tuliofanya, si mashini.

Kwa hiyo hatuzungumzi urembo. Tunazungumza majina ya watu, michango yao, barua za mashamba ambazo wazee wamekubali tuzipige picha, na sauti za wale wazee wanaoeleza mipaka ya zamani kabla hawajatuacha.

Sasa tuje kwenye zawadi. Ndugu yetu anafanya kazi ya kukata na kuunga filamu. Amenunua mashini mpya, na ile ya zamani anataka kutupatia bure, sisi tulipe usafiri tu. Ni Mac Pro ya 2013, ya kampuni ya Apple. Picha yake tulipoibandika ukutani, mzee mmoja aliuliza kama ni termosi ya chai. Hakukosea sana. Ni mtungi mweusi wenye kung'aa, urefu wake sentimeta 25, upana sentimeta 17 hivi, uzito kilo 5. Huko Ulaya na Marekani watu waliipa jina la pipa la takataka, na hilo nalo ni kuionea, kwa sababu ndani yake kuna akili nyingi.

Wale walioitengeneza walichukua mnara mkubwa wa zamani, wakaupunguza mpaka karibu sehemu moja ya nane ya ukubwa wake. Katikati waliweka chuma cha pembe tatu cha kunyonya joto, kadi zikaegemea pande zake, na juu kabisa feni moja tu inayovuta hewa kutoka chini na kuitoa juu kama bomba la moshi. Haina kelele. Memori yake ina nafasi 4, unainua kifuniko na kubadilisha mwenyewe, mpaka gigabaiti 64. Tunasema hivi ili vijana wasituambie kwamba tumeidharau kwa kutojua. Kwa mtu mwenye kazi ya filamu, mwenye umeme wa uhakika na duka la vipuri karibu, ilikuwa chombo cha kweli. Ilipotoka ilianzia dola 2,999 kule Marekani.

Shida iko wapi? Iko katika neno kuongeza. Mnara wa zamani ulikuwa na nafasi ndani: unatia diski ya pili, ya tatu, unatia kadi nyingine. Mtungi huu ndani umejaa. Kadi zake mbili za picha zimekatwa kwa umbo lake peke yake, na diski yake ya SSD ina mdomo wa namna yake, hauingii katika mashini za kawaida zilizo hapa. Ukitaka kuongeza, unaongeza nje: iko na matundu 6 ya Thunderbolt na 4 ya USB. Maana yake meza safi iliyo katika picha haitabaki safi. Utakuwa na mtungi katikati, na pembeni diski hii na waya wake, kisanduku kile na chaja yake. Katika biro yetu, ambamo watoto wanapita kuchaji simu za mama zao, kila waya ni mguu wa mtu utakaonaswa.

Na hili si neno letu peke yetu. Mwaka 2017 wakubwa wa Apple wenyewe waliwaita waandishi wa habari wakakubali kwamba umbo lile liliwafunga. Walikuwa wamelipanga kwa kadi mbili zinazogawana joto, lakini kazi za watu zikaelekea kwenye kadi moja kubwa yenye joto jingi, na mtungi haukuweza kuibeba. Mwaka 2019 wakarudi kwenye mnara wenye nafasi 8 za kadi. Si mara yao ya kwanza kunaswa hivyo: mwaka 2000 walitoa Power Mac G4 Cube, sanduku dogo zuri lisilo na feni, na mwaka mmoja baadaye wakasimamisha kulitengeneza. Tukikumbuka hayo, hatuoni aibu kubishana nao kutoka Baraka.

Jambo jingine ni programu. Mfumo wake uliishia macOS Monterey, ule wa 2021. Uliofuata, wa 2022, haukuipokea tena. Itawaka, ndiyo, lakini kutunza majina ya watu katika mashini isiyopata tena marekebisho ya usalama, hapo sisi tunaogopa.

Tena kuna umeme. Betri yetu ya sola ni ya volti 12, ampea-saa 200. Ukizidisha unapata wati-saa 2,400, lakini fundi alituonya tusitumie zaidi ya nusu, la sivyo betri itakufa mapema. Basi tuko na 1,200. Ule mtungi una kisanduku cha umeme cha wati 450. Haumalizi zote kila wakati, hatutaki kudanganya. Lakini tukikadiria wati 150 pamoja na skrini wakati wa kazi, saa 8 zimekula zote 1,200, na hakuna simu itakayochajiwa wala taa itakayowaka jioni kwa darasa la kusoma la akina mama.

Kijana wetu mmoja aliyesoma Bukavu alisimama katika komite akasema: "Basi tuombe Mac mini mpya. Hiyo haili umeme." Kwa umeme yuko sawa kabisa. Ile ya 2024 ni sentimeta 12.7 kwa 12.7, kimo 5, inaingia kiganjani, na kule Marekani bei ilianzia dola 599. Ina nguvu kuliko ule mtungi kwa kazi nyingi. Lakini memori yake iko ndani ya chipu yenyewe: uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozikwa nayo. Na sisi tulishaonja mashini ya namna hiyo. Tulimwambia, mdogo wetu, wewe ukipata kazi nzuri ununue yako, tutakuja kuiangalia. Akacheka, lakini hajakubali, na leo yuko hapa, atajitetea mwenyewe.

Sisi tunaleta jambo la tatu. Makampuni kama Lenovo, Dell na HP yametengeneza kompyuta ndogo za maofisi, kama ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro na EliteDesk Mini. Ni kisanduku cheusi, karibu sentimeta 18 kwa 18, unene tatu na nusu. Hazina uzuri. Hakuna mtu atabandika picha yake ukutani. Lakini katika zile za ofisi zilizokwisha kutumika, fungua uone: memori ni ile ile ya laptop, nafasi mbili, kuna nafasi ya diski ya M.2, na nyingi zina nafasi ya diski ya kawaida ya inchi mbili na nusu. Umeme wake unapitia chaja ya nje, kama ya laptop. Chaja ikifa, unatafuta chaja, hutafuti fundi wa kufungua tumbo. Na kwa kazi yetu ya kuandika na kuhesabu, pamoja na skrini, tunakadiria wati 40. Saa 8 ni 320. Darasa la jioni linapata taa.

Zina ubaya wake. Huwezi kutia kadi kubwa ya picha, na mtu akitaka kukata filamu ndani yake atakaa anangoja mpaka chai ipoe. Feni yake ndogo inakula vumbi letu la kiangazi. Kila mwezi itabidi tufungue na kupuliza. Tena ni nyepesi, mwizi anaiweka chini ya shati akatoka. Baba mlinzi alituambia hivyo kabla hata sisi hatujawaza, na tutaifunga na mnyororo mezani.

Tulidhani hapo tumesema yote. Lakini katika komite kulikuwa na mama mmoja, mnamjua, aliyetoka hapa 1996 akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akarudi na boti za kutoka Kigoma. Alikuwa kimya muda wote. Akauliza: "Hiyo mashini, ikifika siku ya kukimbia, inaingia katika kitenge?"

Tukanyamaza. Sisi tulisoma chuo, tulikuja na mahesabu ya wati na memori, na swali hilo hatukuwa nalo katika karatasi. Wengi wetu hapa tulikimbia bila karatasi hata moja. Tuliporudi tukakuta shamba lina mtu mwingine, na tukaanza kutafuta wazee wa kushuhudia. Mnajua ilichukua miaka mingapi kwa wengine, na kwa wengine bado.

Basi tukarudi kuziangalia upya kwa jicho la mama huyo. Mtungi wa kilo 5 unaingia katika kitenge, lakini utaukimbiza wote, kwa sababu diski yake ukiitoa peke yake hapa hakuna pa kuichomeka. Kile kisanduku kibaya, diski ya ndani inatoka kwa dakika chache, uzito wake mdogo kuliko simu. Unaacha sanduku, unaondoka na majina. Ukifika popote penye kompyuta ya kawaida na waya wake, unasoma. Kumbe kuongeza na kupunguza ni mlango mmoja, na hilo lilitushinda kuliona mpaka tukaulizwa.

Kuna upande wa pili, na wafadhili watusikie vizuri. Diski inayobebeka ni diski inayoweza kushikwa njiani. Majina, vijiji, nani ana shamba wapi: hayo mikononi mwa mtu mbaya ni hatari kuliko kuyapoteza. Kwa hiyo diski zote zitafungwa kwa neno la siri, na neno hilo litajulikana na watu wawili wasiolala nyumba moja. Mama Mwenyekiti ameshataja wake, sisi bado hatujakubaliana juu ya wa pili.

Tunachoomba mkutano ukubali ni hiki. Tununue visanduku viwili vya aina moja, vilivyokwisha kutumika, ili kimoja kikifa tuhamishe diski na memori kwenda kwa kingine siku hiyo hiyo. Kila kimoja kiwe na diski mbili ndani. Nakala ya tatu itoke hapa kila mwezi, ikae Uvira. Na daftari la karatasi lisiachwe. Tunarudia: lisiachwe.

Na ule mtungi? Hatutaki ndugu yetu aone tumemrudishia mkono wake. Tulimwandikia, tukamweleza kama tulivyowaeleza ninyi, na tukamwomba jambo jingine: aubakize kwake, mahali penye umeme, tumpelekee sauti na picha za wazee, azisafishe na kuziunga kwa mashini ile ile aliyotaka kutupa. Ile inafaa kwa kazi hiyo kuliko chochote tutakachonunua. Amejibu juzi. Ameuliza tu kama mzee wa Mboko, mjomba wake, amekwisha kurekodiwa.

Bado. Tunakwenda huko wiki ijayo, na kinasa sauti cha kuazima. Bei za visanduku tumeziandika kwenye ubao pale nyuma, zote mbili tulizoletewa. Mwenye kujua muuzaji mwingine aseme sasa, kabla hatujapiga kura.