Huduma kwa Wazee: Msamaha Usiishie kwenye Dirisha la Dawa

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi na Baraza la Wazee la Kata

 

Desturi ya afisa habari ni kuja na orodha ya mafanikio. Mimi leo nimekuja na deni. Miezi michache iliyopita mzee mmoja aliingia ofisini kwangu na nakala ya jarida letu hili, ameikunja mara nne. Nilimwamkia, akaitikia, akaifungua mezani na kuweka kidole juu ya habari niliyoiandika mwenyewe: kwamba wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo hutibiwa bila malipo. Akaniuliza, "Mwanangu, karatasi hii ni yenu au si yenu?" Nikajibu kuwa ni yetu. Ndipo akatoa mfukoni risiti ya duka la dawa. Alikuwa amenunua vidonge vya shinikizo la damu vya siku kumi, baada ya kuuza jogoo wake. Kituoni alipokelewa kwa heshima, hakupanga foleni, akapimwa bure. Alipofika dirishani akaambiwa dawa zimekwisha.

Nilichoandika hakikuwa uongo, lakini nilikuwa nimeacha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iliyomgharimu mzee yule jogoo. Naomba niieleze leo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilionesha kuwa wazee wa namna hiyo walikuwa zaidi ya milioni 2.5 nchini, yaani asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Msamaha wa matibabu unamwondolea mzee malipo, lakini hauondoi gharama. Kituo cha afya hununua sehemu ya dawa zake kwa fedha zinazolipwa na wagonjwa wenyewe au na bima zao. Anayetibiwa kwa msamaha hutumia dawa bila kuacha fedha ya kununulia nyingine. Kwa hiyo kituo chenye wazee wengi, ambacho ndicho kinachohitaji dawa nyingi za shinikizo la damu na kisukari, ndicho ambacho rafu zake huwahi kubaki tupu. Kumlaumu mhudumu wa dirishani ni rahisi, wala sisemi wote ni wema, ila dawa isiyokuwapo hata mwema hawezi kuitoa.

Dawa ya jambo hili ni kwamba mzee aje na fedha inayomfuata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeelekeza kuwapo kwa mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mtu akilipiwa bima, kituo hulipwa kwa kumhudumia. Lakini hakuna atakayelipiwa ikiwa hajulikani, na hapa ndipo kata yetu inapohusika.

Wengi wa wazee wetu hawana cheti cha kuzaliwa. Wapo wanaohesabu umri kwa mwaka wa njaa au kwa vita vya Kagera. Wapo ambao mashine ya kitambulisho cha Taifa ilishindwa kusoma alama za vidole vyao, kwa kuwa jembe la miaka hamsini limezifuta. Si haki mtu akose huduma kwa sababu alifanya kazi mno.

Lipo pia kundi ambalo halitafika dirishani kabisa. Namzungumzia bibi asiyeweza kuinuka kitandani, anayeogeshwa na kulishwa na mjukuu wa darasa la sita. Mtoto huyo huchelewa shuleni, siku nyingine haendi, na daftari la mahudhurio humwandika mtoro. Tunapenda kusema kwamba mzee wa Kiafrika hutunzwa na familia yake, na sera yenyewe imeiweka familia mbele. Makazi ya wazee ya Serikali, kama Nunge na Kolandoto, ni ya wale waliokosa ndugu kabisa. Lakini tukisema familia, mara nyingi tunamaanisha mtu mmoja, mwanamke au mtoto, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

Kuhusu kipato nitasema kwa ufupi. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa. Huku Bara tuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee mwanamume asiye na ulemavu hana fungu hapo. Mimi si mtunga sheria, lakini Baraza la Wazee lina haki ya kuliuliza hilo kwa maandishi, na mimi nitalichapisha.

Sasa kazi iliyopo. Kila kitongoji kitaandika upya daftari la wazee. Asiye na cheti wala kitambulisho aje na majirani wawili wanaomfahamu tangu zamani, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mbele ya jina la kila mzee liandikwe jina la anayemtunza, na kama ni mwanafunzi, Mtendaji wa Kijiji alipeleke jina hilo kwa mwalimu mkuu. Orodha itasomwa katika mkutano wa kijiji ili aliyesahauliwa atajwe, na asiyestahili aulizwe hadharani.

Nami kuanzia toleo lijalo nitachapisha dawa za wazee zilizopo na zisizokuwapo katika kila kituo cha kata hii, kadiri Mganga Mfawidhi atakavyoziorodhesha. Mzee aliyenirudishia karatasi yangu ameomba apelekewe nakala ya kwanza.