Waya wa Betri ya Moyo Ukisema Uongo
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Garsen)



Leo tuongee juu ya betri ya moyo. Moyo ukipiga polepole mno, daktari huweka kimashine chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, na waya hupitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni. Wa kwanza kuwekewa mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958, naye akaishi mpaka 2001! Siku hizi kazi hiyo hufanyika Nairobi, na pia Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Waya huo hupeleka umeme, na pia husikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, mashine inanyamaza. Hapo ndipo penye hatari. Waya ukikatika kwa ndani, pengine kwa kubanwa kati ya mtulinga na ubavu, unakwaruza kama redio yenye waya uliolegea. Mashine inadhani mkwaruzo ule ni moyo, basi inanyamaza, na mgonjwa anayeitegemea anaanguka. Ziko mashine nyingine za kupiga shoti moyo unaokimbia ovyo. Hizo zikidanganywa humpiga shoti mtu ambaye moyo wake hauna neno. Mwaka 2007 kampuni ya Medtronic ilisimamisha kuuza waya wake wa Sprint Fidelis kwa sababu hiyo ya kukatika.

Sasa mwenzetu akianguka, tunasema kifafa, wengine majini. Akifika kliniki analazwa kitandani, ametulia, ule waya umegusana tena, na vipimo vinatoka vizuri. Anaambiwa nenda nyumbani. Nauli yote ile kutoka Garsen!

Kwa hiyo mwambie daktari ulikuwa ukifanya nini: kupiga kafi, kutwanga, kupalilia mpunga? Mkono gani ulikuwa juu? Mwombe aangalie mashine huku ukiinua na kuzungusha mkono wa upande ule. Mkwaruzo ukitokea hapo, ataona. Na kadi ya mashine usiiache nyumbani.

Kikundi kikichanga nauli, kimchangie pia yule aliyeona mtu akianguka, hata kama ni mtoto wa shule. Sisi tumezoea kumtuma mwenyekiti, naye siku ile alikuwa sokoni.