Kaburi la Nyali na Furaha ya Mkristo

(Maneno ya hotuba juu ya furaha, tumaini na amani)

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kuwa Mkristo taabu zitamwondokea. Mvua itanyesha kwa wakati wake, ng'ombe hawatakufa, watoto hawataugua, wala mwenye kazi mjini hatafukuzwa. Kisha siku taabu inapobisha hodi, mtu huyo hushangaa, akasema moyoni, "Basi nimeomba bure." Wala hakuomba bure, ila hakufahamu ni kitu gani alichoahidiwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya furaha naye yu kifungoni. Kama furaha ya Mkristo ingalikuwa malipo ya mambo kwenda vema, waraka ule usingaliandikwa.

Mfano mmoja u karibu, katika nchi yetu wenyewe. Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Walikuwa wametoka Ethiopia, ambako walizuiwa kuendelea na kazi yao, na mtoto wao wa kwanza alikwisha kufa safarini. Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa kali iliingia nyumbani mwao Mombasa. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa baada ya siku chache, na mtoto naye akamfuata mama yake. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Je, mtu aliyepatikana na msiba wa namna hiyo aweza kuwa na furaha? Furaha ya kicheko na ngoma, hapana. Lakini Krapf aliwaandikia wakuu wa chama chake ya kwamba kaburi lile la peke yake katika pwani ya Afrika liwe kwao ishara kuwa kazi imekwisha kuanza. Kabla ya msiba alikuwa ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa. Na baada ya msiba aliishika kalamu tena. Hiyo ndiyo furaha ya Mkristo: haiyafuti machozi upesi, bali humpa mtu nguvu ya kuinuka asubuhi na kuifanya kazi yake.

Mwaka wa 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakapanda kwenda Rabai. Siku ya kwenda kukaa huko walikuwa wadhaifu kwa homa, hata ikawabidi kupokezana kupanda punda. Wazee wa Rabai waliwapokea, lakini waliogeuka kuwa Wakristo walikuwa wachache mno. Krapf alirudi kwao Ulaya katika mwaka wa 1853. Rebmann alibaki. Alimzika mkewe, macho yake yakaingia giza, naye hakuondoka mpaka mwaka wa 1875, baada ya miaka 29. Alipokwenda kwao, kipofu, aliongozwa na Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wakristo wale wachache. Mtu angesema kazi yake haikuzaa. Kumbe mkono uliomwongoza njiani ulikuwa ndio mavuno. Tumaini ni kama kazi ya mkulima: huitia mbegu udongoni, asione kitu, wala haifukui kila siku kutazama kama imeota.

Na amani je? Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe. Hakuwa mkuu wa kaya wala mwenye mali; alikuwa kiwete maskini, naye alibatizwa karibu na kufa kwake. Hakuahidiwa miguu mipya wala miaka mingi. Hata hivyo alilipokea neno lile, akaenda nalo. Wako wenye afya na fedha wasiolala usiku kwa hofu ya kupotewa na vitu vyao. Amani haikai katika vitu, kwa kuwa kila kitu chaweza kuondolewa; hukaa katika kujua ya kuwa mtu yu mikononi mwa Mungu, akiwa mzima au akiwa mgonjwa.

Basi, mama anayekesha na mtoto mwenye homa, mkulima ambaye mahindi yake yamekauka, kijana anayezunguka mjini akitafuta kazi, wasingoje taabu ziishe ndipo wafurahi. Kila mmoja na aombe kwa maneno machache, kisha afanye lililo mbele yake: mtoto apelekwe hospitali, shamba lipaliwe, jirani aombwe msaada bila haya. Kusali si badala ya kufanya kazi, wala kufanya kazi si badala ya kusali. Na aliye na nafuu leo amtazame mwenzake aliyelemewa, kwa maana mara nyingi faraja ya Mungu huja kwa miguu ya jirani.

Krapf alikufa kwao Ujerumani katika mwezi wa Novemba 1881. Asubuhi watu walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Ndivyo alivyoanza kazi yake, na ndivyo alivyoimaliza.