Kazi ya Mungu Haina Makosa
(Hotuba iliyotolewa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katibu ameniomba niseme machache juu ya kumtumaini Mungu wakati wa shida, kabla ya hesabu za mwaka kusomwa. Nimekubali kwa furaha, ingawa katika jambo hili tunayo desturi moja isiyonipendeza. Mwenzetu akifiwa, twafika matangani, twampa mkono, nasi twasema upesi, "Kazi ya Mungu haina makosa." Neno hilo ni la kweli. Lakini mara nyingi twalitumia kama mtu afungaye mlango, ili mfiwa asitusumbue kwa kilio chake.

Na tumtazame mtu ambaye imani hiyo ilimgharimu. Dakta Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 pamoja na mkewe, Rosine, baada ya njia ya Uhabeshi kufungwa mbele yao. Katika safari zao za huko walikuwa wamekwisha kumzika mtoto. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alijifungua binti, na homa ikaingia nyumbani. Kwa muda wa siku chache mama alifariki, na mtoto akamfuata, huku Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa. Rosine alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Krapf hakuficha katika maandishi yake kwamba alilia siku nyingi. Hata hivyo aliwaandikia wakubwa wake waliokuwa London kwamba kaburi lile ni dalili ya kuwa kazi imeanza. Kisha akarudia kujifunza na kuandika Kiswahili. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakajenga Rabai. Huyu Rebmann alikaa mpaka 1875, yapata miaka ishirini na tisa. Akamzika mkewe, akapofuka macho, na walioamini kwa mahubiri yake walikuwa wachache mno. Alirudi kwao Ujerumani akafa mwaka uliofuata. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa mwaka wa 1877. Ile kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka wa 1882, naye alikuwa amefariki mwaka wa 1881. Hakuna hata mmoja wao aliyekishika kitabu hicho chake mkononi.

Mweka Hazina wetu hufunga vitabu vyake kila mwaka. Mwenyezi Mungu hafungwi na desturi hiyo. Basi mtu aliye katikati ya msiba asilazimishwe kueleza faida yake. Wale rafiki watatu wa Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye chini bila kunena. Walikosa walipofumbua vinywa na kumweleza sababu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea wao, wala si Ayubu aliyelalamika. Wahubiri wetu, nami nikiwamo katika hesabu yao, hatupendi sana kuisoma sura ile ya mwisho.

Sasa lipo jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Wapo wanachama wanaochelewesha mchango wa maziko, na wakiulizwa habari za mjane hujibu kwamba Mungu atamwangalia. Ni kweli atamwangalia. Lakini Yakobo katika waraka wake amemkaripia mtu amwambiaye ndugu aliye uchi aende kwa amani akaote moto, bila kumpa nguo. Kumtumaini Mungu ni kazi ya mfiwa, nayo ni nzito ya kutosha; jeneza, gari, unga, na karo ya watoto wa marehemu ni kazi yetu. Tusimtwike mjane zote mbili.

Naona Mweka Hazina amekwisha kufungua daftari lake, na majina ya wanaodaiwa yamo. Namwachia nafasi ayasome.