NANI ANA UFUNGUO WA KOMPYUTA YA KIKUNDI?
Hotuba kwa wenyekiti, makarani na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia



Leo hatutasema juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutasema juu ya ile kompyuta ambayo kikundi hununua ili kuweka hesabu za akiba na mikopo.

Mnakijua kisanduku cha akiba chenye kufuli tatu. Mtindo huu ulianzia nchini Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini, kisha ukaenea mpaka kwetu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na yule anayelala na kisanduku nyumbani hana hata mmoja. Si ati tunamshuku. Tunamlinda asijaribiwe, na asisingiziwe.

Sasa tujiulize: daftari likihamia kwenye kompyuta, funguo zimekwenda wapi?

Kompyuta inayotunza hesabu na kuhudumia zile nyingine huitwa seva. Nyingine huifikia kwa waya au kwa waifai, na huo ndio mtandao wa ndani. Fundi hana haja ya kuketi mbele ya seva. Akiwa kwenye laptopu chumba cha pili anaandika jina na nenosiri, basi ameingia. Huko ndiko kuingia kwa mbali. Ni jambo la faida, lakini mlango ni mlango.

Zamani watu waliingia kwa njia ya Telnet, ambayo hupitisha nenosiri wazi kabisa, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, mtu alitega programu ya kusikiliza mtandaoni akakusanya manenosiri ya watu. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akatunga njia mpya iitwayo SSH, ambayo huficha maneno yote yakiwa njiani. Hiyo ndiyo inayotumika sana hadi leo, kwa kawaida kupitia mlango namba 22.

Lakini wapenzi, tusikie vizuri. SSH inalinda safari. Kuamua ni nani aruhusiwe kuingia, hiyo ni kazi yetu. Tukiiacha ilivyo, kwa kawaida itampokea yeyote mwenye jina na nenosiri sahihi, mradi mtandao wake unaifikia seva.

Na hasara ni ya nani? Ni ya yule mama asiyejua kusoma. Daftari likisomwa kwa sauti mkutanoni, anasikia hesabu yake na anaikumbuka. Kwenye karatasi, aliyefuta ameacha alama. Kwenye kompyuta, 5,000 inaweza kuwa 500 usiku mmoja, na asubuhi wote wakaamini mashine kuliko mama.

Kwa hiyo mwambieni fundi wenu afanye mambo haya:

1. Azuie kuingia kwa mbali kwa jina la "root", yaani mwenye mamlaka yote juu ya mashine. Katika faili ya sshd_config aandike: PermitRootLogin no.

2. Aweke orodha ya wanaoruhusiwa, na wapi watokee. Kwa mfano: AllowUsers karani@192.168.1.*. Orodha hiyo ikiwepo, asiyetajwa anakataliwa hata akijua nenosiri. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za mitandao ya ndani.

3. Atumie funguo za kidijitali badala ya manenosiri. Nenosiri hukisiwa, tena huazimwa kama jembe. Kila mtu awe na ufunguo wake, na akiacha kazi ufunguo ufutwe siku hiyo hiyo. Hata wa fundi mwenyewe, akimaliza kazi.

4. Kwenye ruta, mlango wa 22 usifunguliwe kuelekea intaneti.

5. Wageni wa ukumbini wapewe waifai yao mbali na ile ya ofisi. Mgeni akipewa ile ya ofisi, naye anapata anwani ya ndani, na mashine haimtambui kuwa ni mgeni.

Kabla ya kuwasha upya huduma hiyo, fundi aikague faili kwa amri ya sshd -t, na asifunge dirisha alilo nalo mpaka ajaribu kuingia kwa dirisha la pili. La sivyo atajifungia nje, na itabidi mtu aende kuketi mbele ya seva yenyewe.

Jambo hili pia lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu kujua kwamba habari za watu zimeingiliwa na wanaweza kudhurika.

Hata hivyo, hakuna kufuli la kompyuta linalomzuia karani aliyeruhusiwa. Kwa hiyo hesabu ichapishwe kila mwezi, isomwe kwa sauti mbele ya wote, na nakala iwekwe katika kisanduku cha kufuli tatu.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Ni watu wangapi wanaweza kuingia katika seva yetu kwa mbali? Tunaweza kuwataja kwa majina?
– Nani aliondoka kikundini, na ufunguo wake ungali unafungua?
– Nani, mbali na fundi, anaangalia kila mwezi ni nani aliingia na saa ngapi?